Mwalimu Asiyemtaja Jirani Yake

Paa. Kofi moja, usiku, nyuma ya ukuta. Mwalimu mmoja wa Kiingereza akageuka kitandani, moyo ukimuuma, kwa sababu aliijua ile mikono. Jirani yake, dada mmoja mwalimu mgeni hapo shuleni, alikuwa akiandaa somo la kesho kwa makofi.

Ndugu zangu, mwalimu huyu alikuwa hodari, wala simtanii. Alijua jinsi Waingereza wanavyokichukua kitenzi kimoja na kukifunga mkia, na mkia huo ukabadilisha kila kitu. Look peke yake ni kutazama. Look for, kutafuta. Look after, kutunza. Aliyaandika ubaoni, watoto wakanakili, na Ijumaa wakawa wamesahau.

Jirani yeye, darasani kwake, aliwainua watoto madawatini. Look for, kofi, wote wako chini ya meza wanatafuta kiatu. Look after, kofi, kila mmoja anambembeleza mwenzake kama kichanga. Hao hawakusahau.

Je, mwenzetu alifurahi? Wewe ungefurahi? Aliacha hata kumtaja. Akawa "yule". Akawa "wa makofi". Asubuhi moja wakakutana bombani, dada wa watu akamwamkia, akauliza kama kelele zake zinamsumbua.

"Kiingereza si ngoma, dada," akamjibu. "Kama ni kucheza, kacheze kwenu."

Kisha akawaonya wanafunzi wake: atakayeonekana dirishani kwa yule atakiona.

Akaja mkaguzi, anatafuta mwalimu mmoja wa kuwafundisha walimu wenzake wilaya nzima. Nafasi hiyo mwalimu wetu alikuwa ameiota miaka na miaka. Mkaguzi akaingia darasani kwake, akauliza maana ya look down on. Kisha binti mmoja akainuka, akaenda dirishani, akalielekea darasa la jirani, akakunja mdomo, akashusha macho polepole kama mtu aliyeona uchafu.

"Ni kudharau," akasema.

Darasa likacheka, mara wakaziba midomo kwa viganja, maana wote walijua mdomo ule ni wa nani. Na mwenye mdomo naye akajijua.

"Safi sana," akasema mkaguzi, kalamu mkononi. "Nani amewafundisha hivi?"

Watoto wakainamisha vichwa. Walikuwa wakichungulia kwa jirani kwa siri. Nani athubutu kusema?

Wapendwa, hapo ndipo tulipo sisi. Wivu hautuambii tuue. Unatuambia tunyamaze tu. Mwenzetu akipika vizuri, tunasema chakula si haba. Akiimba vizuri, tunasifu kinanda. Ni nani huyo ambaye jina lake limekukwama kooni, hata kwenye sala unamruka? Wala sitawadanganya kwamba kulitaja ni rahisi. Mwalimu yule alijua anachokipoteza. Aliitazama kalamu ya mkaguzi, akalitazama dirisha.

"Si mimi," akasema. "Ni jirani yangu. Anaitwa Nakunda."