Kongoni Aliyedharau Mwendo Wake

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Ya leo si ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, nyikani, aliishi Bi Kongoni na binti yake mmoja. Mwaka ulipoanza, Bi Kongoni alikuwa anakimbia na kundi lake. Akatumbukia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Puu! Mguu wa nyuma ukalia, kwa!

Akalala chini. Kesho akalala. Keshokutwa akalala. Nzi wakamzoea. Binti yake akawa anakwenda malishoni na shangazi zake, na akirudi anamkuta mama palepale.

Jirani yake alikuwa Bi Ngiri, mjane, mdomo mkali, moyo laini. Asubuhi moja akaja akasema, "Jirani, inuka."

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Inuka."

Akainuka, akaanguka. Akainuka, akaanguka. Siku nyingi vilevile. Hata siku moja akasimama. Miguu inatetemeka, meno yanagongana, lakini amesimama. Bi Ngiri akageuza uso pembeni, asionekane analia.

Kisha akatembea. Ta, buruu. Ta, buruu. Mpaka kwenye kichuguu, akarudi. Jua likakausha majani, yeye anatembea. Ta, buruu. Mpaka mtoni, akarudi. Baridi ikaja, na ukungu, yeye anatembea. Mwaka ulipoanza kuzeeka, Bi Kongoni alikuwa anapanda kilima cha mawe. Anachechemea, anahema, anafika juu, anashuka. Kila siku.

Sasa, nyikani palikuwa na desturi. Mwaka ukiisha, wanyama wote hukutana mahali pa kulamba chumvi. Kila mmoja husema mwili wake umempa nini mwaka huo. Halafu huagana, na makundi huhama kufuata majani mapya ng'ambo ya kilima.

Wakakutana. Swala akasema, "Mwaka jana niliruka kijito. Mwaka huu naruka korongo hili!" Akarudi nyuma, akatimka, pyuu! Huyo, ng'ambo.

"Eee!" wakashangilia wote.

Punda Milia akasema, "Mimi duma alinifukuza mpaka akachoka yeye, akalala!"

"Eee!"

"Na wewe, Bi Kongoni?" wakamuuliza.

Bi Kongoni akatazama chini. "Mimi sina kitu. Mwaka wangu umepotea bure."

Bi Ngiri akaacha kulamba chumvi. "Bure? Jirani, bure? Wewe uliyekuwa unaliwa na nzi?"

"Kutembea nako ni kitu? Hata kobe anatembea."

Swala akacheka. Hakuwa na ubaya, lakini alicheka. Na binti yake Bi Kongoni alikuwa amesimama hapo hapo, anamtazama mama yake. Hilo ndilo lililomchoma mama.

"Nami nitaruka," akasema.

"Mguu huo haujaruka tangu upone," akasema Bi Ngiri. "Nakuomba, jirani. Usiruke."

"Nitaruka. Binti yangu anione."

Akarudi nyuma. Ta! Ta! Ta! Ta! Akaruka. Miguu ya mbele ikashika ukingo. Ya nyuma haikufika. Mawe yakaporomoka, porooo! Kisha, puu!

Wote wakakimbilia ukingoni.

Tembo ndiye aliyemtoa korongoni. Mguu ulikuwa uleule, na safari hii ulikuwa umevunjika vibaya zaidi.

Shangazi Mkubwa, kiongozi wa kundi la kongoni, akaja akapiga magoti kando yake. "Mwanangu, umefanya nini? Safari ya mwaka huu tulikuwa twende kwa mwendo wako. Tumekwisha kupatana, kundi zima. Tulikuona unapanda kile kilima, tukasema, anayepanda kile safari ataiweza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua."

Bi Kongoni akafumba macho.

Kundi likamngoja. Likangoja mpaka upande huu ukabaki vumbi tupu, na ndama wakaanza kuonekana mbavu. Haikuwezekana kungoja zaidi. Binti yake akaja kuaga.

"Mama, mimi nabaki."

"Ukibaki utakufa njaa. Nenda na shangazi zako."

"Mama, sikutaka uruke." "Wenzangu wote nimewaambia, yule anayepanda kilima na mguu mbovu ni mama yangu. Wote nimewaambia."

Mama akamlamba usoni, akamlamba shingoni. "Nenda," akasema. "Nenda, mwanangu."

Wakaenda. Vumbi likainuka. Kwato zikasikika kilimani, zikasikika kwa mbali, zikaacha kusikika.

Bi Ngiri alibaki. Alimchimbia mizizi akamlisha, na ule mdomo wake mkali hakuutumia tena. Bi Kongoni hakufa. Lakini mguu ulikauka, na kilima hakukipanda tena. Na lile kundi lilipata malisho mema huko mbali, likakaa hukohuko. Binti akazaa, na wajukuu wale bibi yao hakuwaona. Wakati mwingine alimwambia Bi Ngiri, "Jirani, nilikuwa mzima. Nilikuwa mzima, na sikujua." Bi Ngiri alikuwa akisema, "Ndiyo, jirani," basi.

Wanangu, na nyinyi wakubwa, funzo ni hili. Mwaka ukiisha, usiupime mwili wako kwa mwili wa mwenzako. Tazama ulianzia wapi, na umefika wapi, kisha uushukuru mwili wako, hata kama ulichopata ni kidogo. Anayekidharau kidogo chake hukitupa kwa mikono yake mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi nimenyamaza. Mwenye usingizi akalale, na mwenye mguu unaouma akaukande taratibu.