Ngiri Mwenye Haraka na Asali ya Mzazi

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na njia.
Tukaifuata.
Mwenye usingizi?
Alale, ila asitukoromee.

Basi hapo kale Nguchiro aliishi bara, kwenye vichuguu, na binti yake alikuwa ameolewa pwani. Siku moja habari ikaja: binti amejifungua. Nguchiro akajaza asali kibuyu kizima, maana mzazi asiyelambishwa asali ya mama yake huinuka kitandani na kinyongo, na kinyongo cha mzazi huzeeka naye. Lakini njiani alikuwapo Chui, na Nguchiro ni kiumbe cha kumezwa bila kutafunwa. Akaenda kwa shoga yake, Ngiri.

Ngiri alikuwa na pembe mdomoni, shingo kama gogo na tumbo lisilojua adabu. Hata Chui akimwona hupita kando. Na Nguchiro ndiye aliyekuwa akimtoa kupe kila asubuhi, mpaka ndani ya masikio. Hivyo ndivyo walivyopendana.

"Nitakusindikiza," akasema Ngiri, "lakini vituo vya njiani napanga mimi. Na siku nitakayokosa kushiba, kibuyu hicho ni changu."

"Wewe panga pa kula, shoga. Mimi niachie pa kutazama tu. Nisimame juu ya kila mwamba, niione dunia."

"Dunia hailiwi."

"Ndiyo maana haijaisha."

Wakaondoka. Ngiri mbele, mkia wima kama bendera, kwatu kwatu kwatu. Nguchiro nyuma na kibuyu chake, chepe chepe chepe.

Wakafika mwamba wa kwanza. Nguchiro akapanda, akatazama. Akaona mlima umejifunga kilemba cha mawingu. Akaona mto umejilaza bondeni kama mkanda ulioanguka. Akaona pia mji wa Nungunungu: moshi unafuka, sufuria kubwa iko mekoni, na majembe yameegemezwa ukutani. Kule watu hulima shamba la mwenzao kwa pamoja, na mwenye shamba huwapikia. Jembe kwanza, sahani baadaye. Nguchiro akayaona majembe, akanyamaza nayo.

"Naona moshi," akasema.

"Moshi wa nini?"

"Wa sufuria kubwa. Lakini tukae kidogo, shoga, hebu tazama ule mlima."

"Kaa wewe na mlima wako. Atanguliaye hula kinono."

Kwatu kwatu kwatu, huyo.

Nungunungu wakampokea kwa furaha. "Karibu, mama. Umewahi, Mungu akuweke. Jembe hili hapa. Aa, la nini? Mwenzetu umekuja nalo usoni."

Sasa angefanyaje? Mtu akifika kwenye kazi ya watu akageuza mgongo, ataimbwa mpaka vijiji vya mbali. Ngiri akainamisha pua. Chaku, chaku, chaku. Jua likapanda, chaku. Jua likashuka, chaku. Sahani zilipotandazwa, nani huyo mlangoni, safi, miguu haina vumbi?

"Hodi."

"Karibu, Bi Nguchiro. Mama mkwe wako anakupenda, umekuta chakula."

Ngiri alikula, lakini shingo ilikuwa imekaza. Akalala kidevu kikiwa ndani ya ugali.

"Umeshiba, shoga?"

"Nimeshiba. Niache."

Basi kibuyu kikabaki salama.

Wakaenda, wakafika mwamba wa pili. Nguchiro akapanda, akatazama. Akaona bonde la maua ya manjano, na korongo wakicheza humo kama wamelipwa. Akaona na mji wa Fungo: moshi unafuka, wanaume wamekaa kimya uani, wanawake wamejifunga vitambaa kichwani. Akajua pamefiwa.

"Naona moshi," akasema. "Masufuria mawili."

"Mawili? Kaa na maua yako."

Kwatu kwatu kwatu. Na msibani, anayefika mapema haulizwi jina, huonyeshwa makaburini. Chaku, chaku, chaku. Nguchiro alifika mazishi yamekwisha, akatoa pole kwa maneno mazuri, akapewa pilau. Na lazima niseme, lile kaburi lilikuwa kaburi hasa, kingo zake zimenyooka. Wafiwa walilisifu. Ngiri alishiba, akalala ameketi.

Wakaenda, wakafika mwamba wa tatu. Nguchiro akapanda, akatazama. Chini yake palikuwa mji wa Kanga, na vigelegele vilisikika mpaka juu.

"Harusi," akasema.

Ngiri akasimamisha mkia. "Harusini hakuna kuchimba."

"Sijapata kuona bibi harusi akichimbwa."

Kwatu kwatu kwatu. Kumbe nguzo za banda la wageni hazijasimamishwa, na nguzo haisimami bila shimo. "Umewahi, mama," wakasema Kanga. Chaku, chaku, chaku.

Jioni Nguchiro akafika, akala, akacheza, akaongea na somo wa bibi harusi pembeni. Ngiri alikuwa ameshiba, anakoroma.

Kesho yake wakapita penye chemchemi inayochemka bila kuni, mvuke unapanda, mawe yake ya rangi ya kutu.

"Hapa tusimame, shoga," akasema Nguchiro. "Hapa pana faida."

"Mna nyama humo?"

"Hamna."

"Basi pita."

Ngiri akapita. Nguchiro akasimama peke yake, akaosha miguu, akamfuata.

Mwamba wa mwisho ulikuwa juu ya pwani. Nguchiro akapanda. Ngiri naye, kwa mara ya kwanza, akapanda, akakaa kitako.

"Leo sitangulii," akasema. "Nimefikiri. Kila ninapowahi nachimba. Na leo sijala, kwa hiyo sijashiba. Lete kibuyu."

"Shoga, ni ya mzazi."

"Tulipatana nini?"

Nguchiro akamtazama, akatazama zile pembe, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake. Ngiri akafungua, akainua, gudu gudu gudu. Kisha pwaaa, akatema mpaka puani.

"Asali gani hii inanuka yai viza?"

"Maji ya ile chemchemi. Nilikuambia pana faida, ukakataa kusimama. Asali nilimpa somo usiku wa harusi. Bibi harusi wao ameolewa huku pwani, na Kanga wana mbawa. Saa hizi mwanangu amekwisha kulamba."

"Basi nitaifuata hukohuko kabla hajaimaliza."

Kwatu kwatu kwatu, Ngiri akateremka kwa hasira. Nguchiro akabaki mwambani. Akatazama bahari, kubwa, haina haraka na mtu. Akatazama na nyumba ya binti yake: shimo jembamba, na mkwewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akilipima kwa macho.

"Karibu, mama," mkwe akamwambia Ngiri. "Umewahi. Mtoto kazaliwa, wageni wanakuja, nyumba haitoshi. Tulikuwa tunasema sasa hivi, nani atatupanulia?"

Nani awezaye kumkatalia mzazi? Shingo ilikuwa imekwisha, haiinami tena. Ngiri akapiga magoti. Chaku, chaku, chaku. Na mpaka leo ngiri hula amepiga magoti, mtazame.

Lakini haki ya mtu apewe: nyumba ile ilikuwa nyumba. Wajukuu wa wajukuu wamezaliwa humo na dari halijaanguka. Binti mwenyewe alitoka, akamlambisha Ngiri asali iliyobaki, kidole kimoja.

"Shoga," Ngiri akasema, "wakati wa kurudi vituo panga wewe."

"Mimi? Mimi najua kutazama milima tu. Hebu lete sikio, naona kupe."

Funzo lake, watoto, ni hili: mkisafiri na rafiki, msipoteze muda juu ya miamba. Wahini. Atanguliaye ndiye afaidiye, na Ngiri ni shahidi.

Hadithi yangu imefika, nayo imevimba miguu. Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda aiache ilipo, kuna atakayeiokota.