Gari la Makopo la Filipo Nyabenda

Gurudumu likizunguka, haliulizwi kwao.

Ndivyo alivyowaambia kocha Mbaruku leo uwanjani, mlipokuwa mnanung'unika kwamba kipa mpya katoka mbali na hamumjui. Nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Salama, sogea huku nikuone vizuri, maana mmemuuliza mtu mwenyewe. Methali hii husemwa na wengi siku hizi, lakini siku iliposemwa mara ya kwanza aliambiwa mtu mmoja tu. Aliyeambiwa ni mimi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, hapa hapa shamba la mkonge la Kwaluhizo. Baba yangu alikuwa mnyapara, na mimi nilikuwa nikipeleka barua za ofisi kwa baiskeli. Moyo wangu lakini haukuwa kwenye barua. Ulikuwa karakana. Kila nilipopita mlangoni nikasikia matrekta yakinguruma, nilishuka baiskeli nikasimama kama mtu aliyesikia ngoma ya kwao.

Sasa akaja mhandisi mpya, Bwana Kyaruzi, mtu mfupi, mcheshi, asiyeweza kukaa mahali pamoja. Wiki mbili kabla ya Sabasaba alitukusanya kiwandani akasema, "Karakana inahitaji fundi mmoja mwanafunzi. Sitaki cheti, nataka mikono. Atakayetaka, aunde gari la mfano lisilozidi shibiri moja. Siku ya Sabasaba tutayashindanisha kwenye mteremko. Nitaangalia linavyoshuka, na nitaangalia lilivyoundwa."

Nilirudi nyumbani narukaruka! Mjomba wangu alikuwa baharia, na mwaka uliotangulia aliniletea kutoka ng'ambo boksi lenye gari la kuunganisha. Kila kipande kimo, kina namba yake, na picha ya gari lililokamilika iko juu ya boksi. Gari jekundu la mbio, linameta kama ulimi wa mtoto aliyekula peremende. Nilijiona tayari nimevaa ovaroli.

Siku ya tatu nikasikia kwamba hata Kambi Nne kuna mtu anaunda gari. Kambi Nne walikaa wakataji mkonge waliotoka mikoa ya mbali. Sisi wa nyumba za kiwanda tuliwaita manamba, na hatukulitamka jina hilo kwa heshima. Nikaenda kuchungulia.

Nilimkuta Filipo Nyabenda, Muha wa Kasulu, mrefu, mwenye makovu ya miiba ya mkonge mikononi kote. Amekaa barazani, na mbele yake ametundika kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa karanga. Kwenye kipande hicho palikuwa na picha ya gari la ajabu: gari la zamani la Marekani lililovuliwa boneti, injini ikabaki wazi, mabomba ya moshi yametokeza ubavuni, matairi ya nyuma makubwa na ya mbele madogo, hata gari limeinama kama fahali anayetaka kupiga pembe. Ubavuni limechorwa miali ya moto.

Filipo alikuwa amelipenda gari lile kupita kiasi. Na kambi nzima ilikuwa imeambukizwa! Kila aliyetoka shamba alipitia barazani na kitu mkononi. Bodi lilikatwa kwenye kopo la samaki. Mabomba ya moshi yalikuwa mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Wavu wa mbele, meno ya kitana. Taa, vifungo viwili vya koti. Kiti kilishonwa kwa ulimi wa kiatu kikuukuu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa vifuniko vya chupa za dawa vilivyovishwa mpira wa baiskeli, na ya mbele yalikuwa beringi ndogo alizozitoa kwenye feni mbovu zilizotupwa na ofisi. Ekseli ilikuwa spoki. Na kwa kuwa tundu la beringi lilikuwa kubwa kuliko spoki, Filipo aliizungushia singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizopakwa gundi mpaka ikabana sawasawa.

Nilipaswa kushangaa. Badala yake nikacheka.

"Bwana Nyabenda," nikamwambia mbele ya watu, "kila gari lina kwao. Langu kwao ng'ambo, na picha yake iko juu ya boksi. Hili lako, kwao wapi? Jalalani?"

Baadhi walicheka pamoja nami. Filipo alipuliza vumbi la tupa kwenye kopo lake, akalitazama kwa jicho moja.

"Bado halijaisha, Hilari," akasema. "Likiisha tutaliona."

Akaendelea kupiga tupa. Mimi nikaondoka nikipiga mluzi.

Ikafika Sabasaba. Mbao ndefu ziliegemezwa kwenye jukwaa la kupakia marobota ya singa, zikashuka hadi chini, mwendo wa hatua thelathini, na njia mbili zimetengwa kwa fito katikati. Chini kabisa waliweka magunia ya mchanga. Watu walijaa hadi juu ya matela ya matrekta. Magari yalikuwa manane, yanashuka mawili mawili, linaloshindwa linatoka.

Watoto wangu, sijawahi kusikia kelele kama zile! Kila mara Bwana Kyaruzi alipoinua kibao kilichozuia magari, watu walipiga ukelele kana kwamba wao ndio wanaoteremka. Gari moja la mti lilipinduka katikati, mwenyewe akaficha uso. Jingine liliacha mwili nyuma, magurudumu yakaendelea peke yake, na magurudumu hayo yakashangiliwa kuliko washindi. Gari langu likashinda raundi ya kwanza, likashinda ya pili. Na kila nilipoinua macho, niliona lile gari la makopo lenye miali ya moto likishuka, pua chini, taa za vifungo zikiwaka juani, Kambi Nne yote wakiimba "Nyabenda! Nyabenda!"

Tukabaki wawili, mimi na yeye.

Nilipokwenda kulichukua gari langu chini ya mteremko, moyo ulinipasuka. Lilikuwa limegonga gunia kwa nguvu. Ekseli ya mbele, plastiki nyembamba kama njiti ya kiberiti, imekatika, na gurudumu moja limepasuka vipande viwili. Nilirudi nyumbani mbio nikafungua boksi, nikalipekua. Hapakuwa na kipande cha ziada hata kimoja. Kilichokuwamo kilikuwa kwa gari moja tu, na gari lenyewe limevunjika.

Nikarudi nimeinama. Bwana Kyaruzi akaangalia saa yake, akaniita kwa jina la baba yangu. "Dakika kumi, Singano. Kama huna gari, Nyabenda anapita."

Nilisimama pale na gari langu zuri mkononi, nikiyasikia machozi yanakuja, mtu mzima mimi. Ndipo kivuli kirefu kikaniangukia. Alikuwa Filipo. Kwenye kiganja chake palikuwa na spoki fupi na beringi mbili.

"Nilitoa nne kwenye zile feni," akasema. "Hizi mbili ni akiba. Leta gari."

Sikuleta. "Lakini haya ni..." nikaanza.

"Ni nini?"

"Ni ya jalalani," nikasema taratibu. "Nilikucheka, Filipo. Nitaliwekaje gurudumu lako kwenye gari langu?"

Yeye akatabasamu, akalichukua gari mkononi mwangu kwa upole, kama unavyompokea mtu mtoto mchanga.

"Sikiliza, ndugu yangu. Gurudumu likizunguka, haliulizwi kwao. Shika hapa, tusipoteze muda."

Tukachutama wawili. Alitoa singa mfukoni, akazungusha, akapaka gundi, akapuliza. Mimi nilishika, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona fundi anavyofikiri kwa vidole. Dakika ya tisa gari langu lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake. Nikayasukuma kwa kidole: yakazunguka, yakazunguka, yakakataa kusimama.

Kibao kikainuliwa.

Yalishuka bega kwa bega. Katikati lake likatangulia kidogo, Kambi Nne wakaruka juu. Langu likalifikia. Nilikuwa napiga kelele bila kujua ninasema nini! Yakagonga magunia karibu kwa mlio mmoja, na mwamuzi wa chini akainua mkono upande wangu. Nilishinda kwa upana wa vidole vinne.

Watu wa nyumba za kiwanda walinibeba. Baba yangu, mtu asiyecheka kazini, alikuwa anacheka. Wakanifikisha mbele ya Bwana Kyaruzi wakaniteremsha. Yeye alikuwa ameyashika magari yote mawili, ameyageuza tumbo juu.

"Singano," akasema, "hizi beringi zilikuwa kwenye boksi?"

Kelele zikapungua. Nikamtazama baba yangu, nikaitazama karakana ikiwa wazi nyuma ya mhandisi. Ningeweza kusema nimeziokota. Filipo alikuwa amesimama mbali, na nilijua asingenikanusha. Hilo ndilo lililonishinda.

"Hapana, bwana," nikasema. "Ni za Nyabenda. Na aliyezifunga ni Nyabenda. Mimi nilishika tu."

Bwana Kyaruzi akaliinua gari la makopo juu ili watu wote walione.

"Singano ameshinda mteremko, na ushindi huo ni wake," akasema. "Lakini nilisema nitaangalia lilivyoundwa pia. Nimehesabu humu vitu kumi na saba ambavyo havikuzaliwa pamoja, na huyu mtu amevifanya vielewane. Mashine zangu karakana ni kuukuu, vipuri vyake haviji tena. Namtaka huyu."

Iliniuma, siwafichi. Usiku ule sikula. Lakini asubuhi yake sikuweza kumchukia Filipo, nilijaribu nikashindwa. Mwaka uliofuata nafasi nyingine ikapatikana, nami nikaingia karakana, na mwalimu wangu akawa yeye. Kila tulipookoa pampu kwa kipande cha trekta, au trekta kwa kipande cha pampu, mafundi walisema maneno yake huku wakicheka, mpaka kiwanda kizima kikayajua.

Ila hayakuwa methali bado. Yalikuwa maneno ya mafundi, ya chuma na grisi.

Yalikuja kuwa methali nyumbani kwetu, miaka mitatu baadaye, siku Filipo alipoleta posa ya dada yangu Edita. Bibi yenu Edita, ndiyo, huyo huyo. Wazee walijaa sebuleni. Mjomba wangu baharia akakunja uso, akasema, "Kijana ni mzuri, sikatai. Lakini ni manamba. Ukoo wake nani anaujua? Huyu kwao wapi?"

Edita alikuwa nyuma ya pazia, na nililiona pazia likitetemeka. Mimi nilitaka kusema, lakini mbele ya wazee kijana hasemi. Ndipo baba yangu, mnyapara Singano, aliyekuwa akiwaita watu wa Kambi Nne kwa namba miaka ishirini, akaweka kikombe chake chini.

"Shemeji," akamwambia mjomba, "miaka mitatu nimemwona akifanya kazi, akimlea mwanangu kama mdogo wake, na hajanidanganya hata siku moja. Niulize nini tena? Gurudumu likizunguka, haliulizwi kwao."