Unga wa Mstari wa Mbele

Ninyi mliojazana kule nyuma, sogeeni. Viti vya mbele vipo na haviumi. Haya, tukae tusikilizane.

Nina habari ya meneja mmoja. Nimemtunga mwenyewe, msiende kumtafuta mtaani. Lakini nawaambia, mtu huyu amenisumbua wiki nzima. Nikila yupo, nikivaa viatu yupo. Nikaona nimlete hapa asumbue na wengine.

Alikuwa meneja wa tawi katika kampuni ya maduka ya vyakula, yale ya bei rahisi, ambako mama mwenye watoto watano ndiko anakokimbilia. Wengi wenu mkisikia neno meneja mnaona kiti cha kuzunguka na feni. Niulizeni mimi niliyepanga sabuni kwenye rafu za duka la namna hiyo miaka minne. Bei haishushwi na malaika! Inashushwa kwa kupunguza watu. Penye kazi ya watu saba wanawekwa watatu, na meneja ni mmojawapo. Huyu wetu alipasua maboksi, akapiga deki, foleni ikirefuka akakimbilia kaunta, akarudi stoo, simu ya makao makuu inalia mfukoni na mafuta ya kupikia yamemwagika sakafuni. Nataka mlielewe hilo kabla hamjamhukumu. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mwizi.

Wenzake walikuwa wawili. Mmoja mlinzi wa mlangoni, ambaye ndiye pia mbeba mizigo. Mwingine keshia, mama mtu mzima, ambaye miguu yake ilikuwa inavimba kwa kusimama. Tangu duka lipungukiwe watu, mama yule hakuwa na siku ya kupumzika. Alikuwa anaomba jambo moja tu, siku moja kwa wiki aweke miguu yake juu. Na kila alipoomba, meneja alijibu, "Wakiletwa watu, mama. Vumilia, wakiletwa watu."

Watu hawakuletwa. Hata bidhaa zikaanza kuletwa nusu.

Sasa sikilizeni akili ya madukani. Rafu ikiwa tupu, mteja anageuka anaondoka. Kwa hiyo unafanya nini? Unavuta mbele. Pakiti za unga zilizobaki unazitoa kule ndani, unazipanga ukingoni mwa rafu, mstari mmoja, zimesimama kama askari wa gwaride. Nyuma yake unasukuma maboksi matupu ili zisianguke. Mtu akipita anasema, duka limejaa! Kumbe ni pakiti kumi na mbili na hewa. Si dhambi, ni kazi, hata mimi nimefanya. Lakini meneja huyu aliifanya mpaka ikamwingia kwenye damu. Kila Jumamosi makao makuu wakipiga simu, "Tawi lako vipi?" anajibu, "Safi!" Anajibu huku amekalia boksi tupu.

Kwa nini? Kwa sababu aliamini meneja anayelalamika ni meneja aliyeshindwa. Aliogopa wataandika jina lake pembeni.

Basi asubuhi moja, duka halijafunguliwa, simu ikalia. "Mkurugenzi mwenyewe anapita kwenye matawi leo. Kwako atafika saa nne." Simu ikakatwa. Hakuambiwa anakuja kwa nini.

Loo! Jasho lile! Akavuta unga, akavuta sukari, akavuta mchele. Maharage yalikuwa pakiti tisa, akaziweka kwa kuachanishanisha mpaka zikaenea rafu nzima. Keshia akamtazama akachoka.

"Bosi," akamwambia, "si umwambie tu mzee wa watu ukweli? Mwambie hatuna unga. Mwambie tuko watatu."

"Ukweli unafukuzisha watu kazi, mama."

"Na hii miguu inafukuzisha nini?"

"Mama, nakuomba. Leo tu. Akikuuliza, sema uko sawa. Mimi nikianguka hapa, wewe unadhani atakayekuja atakujali?"

Mama akaenda zake kaunta. Mlinzi pale mlangoni akacheka peke yake, akasema, "Leo tunafanya sinema."

Saa nne mkurugenzi akaingia. Mtu mzima, shati la kawaida, hana makeke. Akapita kwenye rafu taratibu, meneja pembeni yake anatembea ubavu-ubavu kama kaa, anaziba kwa mwili wake pale palipo papungufu. Babu mmoja mteja akanyoosha mkono kuchukua unga. Mnajua ukitoa pakiti moja kwenye mstari ule kinachoonekana nyuma? Meneja akaruka, "Babu, shikamoo! Chukua huu hapa mwishoni, ndio mzuri zaidi." Babu akasema, "Marahaba, kwani unga si unga?" Akauchukua wa mwishoni, akaenda zake. Meneja akapumua.

Mkurugenzi akasimama. "Meneja, bidhaa zinakutosha?"

"Zinatosha kabisa, mzee."

"Na watu?"

"Tunasaidiana, mzee. Hakuna shida."

Mkurugenzi hakuridhika. Akaenda mpaka kaunta, akamtazama yule keshia usoni, akamtazama na miguu. Akamuuliza kwa upole, "Mama, umechoka?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapokosa usingizi. Mama yule alimwangalia meneja wake. Na meneja alikuwa anamwangalia kwa macho ya mtu anayezama. Mama akafanya nini? Akatabasamu. Akasema, "Hapana, baba. Sijachoka."

Mnaguna? Guneni. Wangapi humu mmelisema neno hilohilo asubuhi hii pale mlangoni?

Mkurugenzi akashusha pumzi, akampa meneja mkono. "Nakupongeza. Unajua nimekuja kufanya nini? Simu zenu zote zinasema safi, safi, nikaona nije nione kwa macho yangu ni tawi gani lina shida. Pale nje nina lori limejaa unga, mchele, kila kitu. Na wafanyakazi wanne nimeshawaajiri, wamo kwenye gari nyuma yangu wanasubiri kuambiwa washuke wapi. Nilikuwa nimeanza na ninyi. Lakini ninyi mko vizuri. Ngoja niwapeleke wenzenu."

Akatoka.

Meneja akafungua mdomo. Angeweza kusema! Ilikuwa hatua tano mpaka mlangoni. Angesema, "Mzee, rudi, nimekudanganya." Lakini atalisemaje, ilhali dakika hii tu amepongezwa? Injini ikawaka. Lori likapita mbele ya duka, limeinama kwa mzigo, na nyuma yake lile gari lenye watu wanne. Mmoja wao aliwapungia mkono.

Keshia akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kaunta.

"Bosi, mimi sikulaumu kwa kumdanganya yule," akasema. "Nakulaumu kwa kunifanya na mimi nimdanganye. Aliniuliza mimi. Miguu ni yangu."

Akaondoka kwa mwendo wake wa kuvuta hatua. Mpaka saa sita mchana, ule mstari wa mbele ulikuwa umekwisha.

Sasa tuseme sisi kwa sisi, na mtu asijifanye anatafuta ukurasa kwenye Biblia.

Mnadhani nawasema mameneja? Nasema sisi! Sisi tunaoingia humu tumevuta kila kitu mbele. Suti mbele, kitenge mbele, "Bwana asifiwe" mbele, na nyuma maboksi matupu. Ndoa imekwisha nyumbani, tunakaa benchi moja. Mtoto hajarudi wiki ya pili, tunaimba sauti ya tatu. Halafu tunamnung'unikia Mungu! Tunasema mbona fulani amejibiwa, mbona baraka zinapita hapa kwangu zinakwenda kwa jirani. Zilisimama kwako, bwana! Ziliuliza! Ulisema huna shida.

Mtaniambia, Mungu si mkurugenzi, Mungu anaona mpaka nyuma ya rafu. Najua anaona. Sikwenda chuo lakini hilo nalijua. Ila kanisa haliwezi kuona. Jirani yako kwenye benchi hawezi kuona. Na mara nyingi lori ambalo Mungu amelipakia mzigo wako, dereva wake ni huyo jirani, na yeye anapita kwa jibu ulilompa mlangoni.

Na baya kuliko yote, tunawafundisha wa nyumbani kwetu watusaidie kudanganya. "Mgeni akiuliza, sema tuko salama." Mke anatabasamu kwa ajili yetu. Watoto wanatabasamu kwa ajili yetu. Miguu ni yao!

Kwa hiyo leo sitafunga kwa maombi marefu. Naanza mimi mchungaji wenu. Hasira yangu mnaijua, mnaichekea hapa. Nyumbani kwangu haichekeshi. Jumatano nilimfokea mke wangu mbele ya wageni, na tangu siku hiyo tunapitana sebuleni kama wapangaji. Ameketi pale pembeni, na asubuhi ya leo mlipomsalimia aliwaambia hajambo kwa sababu yangu. Hajambo hakuna. Nahitaji msaada.

Msipige makofi. Nauliza, nani anafuata?