Kwa Nini Hatumwiti Aliyekufa

Kaeni, wajukuu zangu, ingawa mimi mwenyewe kukaa siwezi. Sisi Waapache miguu hutuwasha. Lakini zamani za kale hatukuwa hivi. Wazee wetu waliishi milimani kwenye nyumba za mawe, na mtu akifa waliendelea kumwita kwa jina, kana kwamba ametoka tu kuchota maji.

Palikuwa na mwanamke mmoja. Jina lake nalijua ila silisemi, na sababu mtaiona. Mama yake alifariki wakati wa kuoka shimoni mkonge-mwitu tunaokula, na yeye hakukubali. Kila asubuhi alimtengea chakula, akamjazia maji kikapu chake kilichopakwa utomvu wa msonobari kisivuje, akamwita kwa jina mara nne.

Nyumba ikakosa utulivu. Mbwa walikataa kuingia. Kikapu kilikutwa kikavu, na majivu ya jikoni yakawa na nyayo. Binti yake mdogo aliacha kula, akawa anazungukazunguka tu, macho mlangoni.

Siku moja binti akasema, “Mama, bibi amechoka. Kila akifika mtoni wanakovukia wafu, unamwita, anarudi. Anataka nimshike mkono nimvushe. Nimemwambia nitaenda.”

Mwanamke yule alidhani anamtunza mama yake, kumbe alikuwa anamtesa, na sasa mtoto naye anaondoka. Hakungoja. Alimtoa binti nje, akarundika nyasi kavu chini ya boriti, akatia moto: paa, kikapu, matandiko ya ngozi, vyote. Moto ulipokolea, jina lilimpanda kooni. Aliuma kiganja chake mpaka kikatoka damu, asiite. Kisha akambeba mtoto, wakaenda bila kutazama nyuma. Walipofika mlima wa pili, mtoto akasema ana njaa. Mama yake akakaa chini, akalia.

Na tangu siku hiyo tunajenga kwa matawi na nyasi, vitu vinavyoungua upesi. Mtu akifa tunachoma nyumba, tunahama, na jina lake tunalinyamazia. Wageni husema hatuna mapenzi. Waacheni waseme.

Sasa wewe Tazhi, unayeniita mara kumi kabla jua halijapanda, nisikilize. Mimi ni mzee. Siku nitakayoondoka, uma kiganja chako, mjukuu wangu. Maana wewe ukiniita, nitarudi.