Kinu Kitupu cha Mashavu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kinu na mchi!
Na ndani ya kinu mna nini?
— Hamna kitu!
Basi kwa nini kinatwangwa? Sogeeni niwaambie. Nikisema "tu!", nanyi itikieni "tu! tu!"

Hapo kale, katika kijiji cha kando ya mto, alikuwako mwanamke akiitwa Mashavu. Mungu alimpa mtoto mmoja, binti, Kidawa. Mtoto mzuri, mwenye afya na miguu myepesi. Lakini alikuwa hasemi. Ukimwita, hageuki. Na hofu, jamani, hofu hakupewa hata chembe. Moto kwake ni kitu kinachocheza. Kisima ni kitu kinachoitikia. Mto ni kitu kinachometameta. Akipendezwa anakwenda, wala hatazami nyuma.

Kitu kimoja alikipenda kuliko vyote: kinu cha mama yake. Mashavu akitwanga, Kidawa huja kutoka popote alipo, akaweka viganja ubavuni mwa kinu, akausikiliza ule mtikisiko, akatulia. Tu!
— Tu! Tu!

Mama hakuwa na raha. Anasonga ugali, jicho mlangoni. Anafagia uwanja, jicho njiani. Alimfunga njuga miguuni ili asikie anakokwenda. Kidawa akazivua, akazipanga mstari kizingitini, akaondoka zake!

Jirani yake, Bi Siwema, mnamjua mtu wa mdomo? Ndiye huyo. Akasema, "Mfunge kamba, shoga, kama mbuzi."

"Mwanangu si mbuzi, Siwema."

"Haya. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Mtu akipotea, Jumbe hupuliza mbiu, pembe kubwa ya nyati. Puuu! Watu wote hutoka na ngoma, na mayowe, ili aliyepotea ajue njia ya kurudi. Desturi nzuri. Lakini hawakumuuliza Kidawa.

Mara ya kwanza Kidawa akatoweka. Puuu! Kelele kijiji kizima. Wakamkuta ukingoni mwa kisima, miguu inaning'inia ndani.

Mara ya pili, Mashavu mwenyewe alimwona katikati ya mahindi. Akanyoosha mkono amshike. Puuu! Kidawa akaziba masikio, akatimua mbio, akaelekea kule watu walikokuwa wakichoma shamba. Mama akamdaka, pindo la nguo limeshaanza kuungua.

Akaenda kwa Jumbe. "Shikamoo, Jumbe. Mbiu yako haimwiti mwanangu. Inamfukuza."

"Marahaba. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, mama. Babu zetu waliipuliza, nasi tutaipuliza."

Mnadhani hakuna aliyeipenda mbiu ile? Yupo. Mamba, kule mtoni. Akacheka chinichini. "Kisima wamekifunika. Shamba limekwisha kuungua. Wapige kelele tena, pahali pa kimya pamebaki pangu tu."

Mara ya tatu, Mashavu aliinama kupuliza jiko. Kuinuka, mtoto hayupo! Je, aliita? Hakuita. Alichukua tonge la ugali wa kiporo, akakimbia barazani kwa Jumbe, akalishindilia ndani ya mbiu. Akarudi mbio kwake, akashika mchi, akatwanga kinu kitupu. Tu!
— Tu! Tu!

"Jamaani!" Siwema akapiga ukelele. "Mwana kapotea, mama anatwanga! Na kinu chenyewe hakina kitu!"

"Siwema, nyamaza. Nakuomba."

Miguu yake ilitaka kukimbia. Akaikatalia. Machozi yanaingia kinuni. Anasikia? Hasikii? Nimechelewa?

Na kule mtoni, maji yalimfika Kidawa vifundoni. Yakamfika magotini. Yakamfika kifuani. Mamba ametulia, anangoja mbiu imsukume ile hatua ya mwisho.

Jumbe, aliyesikia ukelele wa Siwema, akaja na mbiu yake mpaka uwanjani kwa Mashavu, akapuliza. Fff. Akapuliza tena. Fff. Mara ya tatu akajaza pumzi, na tonge likaruka, pwaa, usoni kwa Bi Siwema! Msicheke. Mbiu sasa imezibuka, na Jumbe anaiinua tena.

Siwema akajifuta. Akaliona tonge la ugali. Akamtazama Mashavu anavyolia na huku anatwanga, akaelewa. Akaikamata mbiu kwa mikono miwili.

"Usipulize, Jumbe! Mwache mama asikike!"

Akakimbilia kinu chake. Naye Jumbe akaiweka mbiu chini. Jirani wa tatu akashika mchi, na wa nne, mpaka ardhi ikatikisika. Tu!
— Tu! Tu!

Wakangoja. Loo, wakangoja.

Kidawa akatokea njiani, polepole, anachuruzika maji. Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye kinu cha mama yake, akaweka viganja. Mashavu akaona nguo imelowa mpaka kifuani. Akajua. Lakini hakuacha kutwanga, maana mwanawe alikuwa bado anasikiliza.

Mamba yu hai mpaka leo. Na Kidawa hakufundishika hofu. Lakini kijiji ndicho kilichofundishika. Ukipita huko ukasikia vinu vitupu vinatwangwa nyumba hadi nyumba, usicheke. Kuna mtoto anaitwa nyumbani.

Mchi wangu nimeuegemeza ukutani. Unga ni wenu, makapi ni yangu. Haya, kabla hamjainuka, kila mtu atazame: wa kwako yuko wapi?