Bata Mzinga wa Mawifi Wawili

Ugomvi wa ndugu una mipaka yake, na mipaka hiyo mtu wa nje haioni. Waliozaliwa pamoja huijua bila kufundishwa. Wanajua neno lipi linauma tu na lipi linaua. Mgeni akijitia kati, hukanyaga palepale ambapo wenyewe wasingethubutu kuweka mguu. Mke wa fundi wa mageti hakulijua hilo, na aliyejua hakumwambia mapema.

Mumewe alikuwa na dada wawili. Mkubwa alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Mdogo alikuwa msusi, na ulimi wake haukujua likizo. Mke wa fundi aliingia katika ukoo ule wakati baba mkwe yu kitandani hajiwezi. Kwao alizaliwa peke yake, hakuwa na dada wa kumsuka wala wa kumnunia. Alitaka kitu kimoja tu maishani: mawifi zake wampende, wamwone mwenzao.

Sikukuu ile ilikuwa ya kwanza tangu baba azikwe. Fundi alinunua bata mzinga aliyenona, na siku moja kabla wote wakakutana kwa mama. Ndege alikuwa ameshanyonyolewa na kulazwa kwenye beseni juu ya meza ya jikoni, na maneno yakaanza kabla chai haijapoa.

"Huyu nitamloweka kwenye maji ya chumvi na ndimu mpaka kesho," alisema muuguzi. "Kisha aingie kwenye oveni mzima, amefunikwa foili, moto mdogo. Mwishoni namfunua apate rangi."

"Mzima tena?" msusi alidakia. "Ukimwoka mzima kifua kinakauka kama ubao, na paja bado lina damu. Akatwe vipande, apakwe tangawizi na kitunguu saumu, awekwe sufuriani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nyama ijipike kwa maji yake yenyewe."

"Akishakatwa ni kitoweo kama vitoweo vingine. Sikukuu ina heshima yake."

"Heshima hailiwi, dada. Na meno ya mama unayajua yalivyo."

Fundi aliposikia sauti zinapanda, alikumbuka ghafla kuwa bawaba za geti zinahitaji mafuta, akatoka.

Zamani baba ndiye aliyekata shauri. Aliwasikiliza wote wawili huku akitabasamu, kisha akasema mwaka huu oveni, au mwaka huu sufuria, na aliyeshindwa akanuna mpaka chakula kipakuliwe. Sasa baba hayupo, na maneno yakakosa pa kukomea. Yakatoka kwenye nyama yakaingia kwenye ugonjwa wake: nani alikesha hospitali, nani alikuja na matunda akaaga mara moja. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu. Mama, aliyekuwa amejilaza chumbani kwa ajili ya presha, akiamka atasema yeye. Muuguzi akaenda sokoni kutafuta ndimu, au labda kutafuta hewa.

Msusi alikwenda uani kulia. Wifi yake akamfuata, akamshika bega.

"Umemsikia, wifi?" msusi alisema. "Ananifanya kama mtu ambaye hakumpenda baba."

Mwenye busara hapo angesema pole, akatafuta vyombo vya kuosha. Huyu aliona mlango umefunguka.

"Usilie, wifi. Yule anaona baba alikuwa wake peke yake. Kumbe mzee alikuwa anatamani mchuzi wako, yeye akamlisha vyakula visivyo na chumvi mpaka akakata roho."

Msusi alimtazama. Hakumkanya wala hakumwunga mkono. Alipangusa macho tu. Mke wa fundi akakichukua kimya kile kuwa ni shukrani. Akaingia jikoni, akashika kisu, akamkata bata mzinga: mapaja, mabawa, mgongo, kifua nusu kwa nusu. Alikata vizuri, maana alikuwa hodari wa kisu. Alifanya yote yale kwa mapenzi, na hilo ndilo la kusikitisha.

Muuguzi aliporudi, alisimama mlangoni na mfuko wa ndimu mkononi, akalitazama beseni.

"Mama ameamka?" aliuliza taratibu.

"Bado," msusi alijibu, naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka uani. Alipoona vile vipande, alirudi hatua nyuma.

"Basi nani amekata?"

"Ni mimi, wifi," alisema mke wa fundi. "Nilitaka kumsaidia wifi mdogo." Akamgeukia msusi amtetee.

"Mimi sikumtuma, dada," alisema msusi. "Ningebishana nawe mpaka kesho, lakini kumpitisha kisu kabla mama hajasema, hapana. Baba asingenisamehe."

Muuguzi akakaa kwenye kigoda, akafunika uso. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akitoa chozi. Msusi akapiga magoti, akamkumbatia, wakalia pamoja kilio ambacho kila mmoja alikuwa amekilia kivyake. Na waliotoka tumbo moja wakishalia pamoja hawafichani kitu. Msusi akaeleza yote, hata yale maneno ya uani.

Muuguzi akainua uso. Hakupaza sauti.

"Chumvi alikatazwa kwa sababu ya figo," alisema. "Alikuwa ananiomba kila siku, nami namnyima huku moyo unanikatika. Nalala na jambo hilo, naamka nalo. Wewe ulimjua lini, hata umsemee?"

Mke wa fundi akakiosha kisu, akakirudisha mahali pake.

Mama alipoamka aliwakuta binti zake bega kwa bega, wakigawana nyama. Kifua na mabawa vikalowekwa kwa ajili ya oveni; mapaja na mgongo vikapakwa viungo, vikangoja makaa. Siku ya sikukuu, kabla ya kupakua, kila mmoja alionja cha mwenzake. Muuguzi alikubali kuwa paja la sufuria limelainika mpaka mfupani, na msusi alikiri kuwa kifua cha oveni safari hii hakikukauka. Walimsimulia mama vituko vya baba, wakacheka mpaka machozi.

Mke wa fundi alikuwa karoni, akifuta sahani zilizokwisha kukauka.

"Si nilikuomba usiingie kati yao?" mumewe alimnong'oneza.

"Uliniomba jana jioni," alijibu, "nilipokuwa nimeshakata."

"Kweli," alisema fundi, akainamisha kichwa. "Ningekuita tukalitie geti mafuta."

Chakula kilipopakuliwa, muuguzi alisema kwa adabu kamili, "Mpeni na mke wa kaka sahani yake."

Hakumwita wifi. Alimwita mke wa kaka siku ile, na sikukuu iliyofuata pia, na wale dada wawili hawakumbuki tena waligombania nini. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kikapu ukavune.